KIOTA SI HABARI YA SOKONI
Waangalia ndege wa Fort Ternan na somo la korongo taji

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ni kweli kwa ndege, lakini si kweli kwa mtu anayetaka kuwajua ndege. Huyo, mpenzi msomaji, hafiki mbali akiwa peke yake. Atahitaji macho ya jirani, masikio ya mzee aliyezaliwa mahali hapo, na kumbukumbu ya mtoto anayechunga ng'ombe bondeni kutoka asubuhi hadi jioni. Ndiyo sababu leo nakukaribisha twende pamoja Fort Ternan, tukaone jinsi watu wachache wasio na cheo wala mshahara wanavyojifunza kuangalia ndege kwa pamoja, na jinsi mimi mwenyewe nilivyowaponza ndege hao kwa mdomo wangu.

KITUO KIDOGO, MAMBO MAKUBWA

Fort Ternan ni kituo kidogo kwenye reli ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu. Reli hiyo ilifika Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence, mwaka 1901, na jina la kituo ni la ofisa wa Kiingereza, Trevor Ternan. Ukitoka Londiani, reli huteremka kupitia Kipkelion, ambapo wazee wengine bado wanapaita Lumbwa, mpaka unaanza kusikia joto la bonde la ziwa. Nyuma yako, huko juu, umeacha chai ya Kericho iliyokatwa sawasawa kama zulia. Mbele yako iko miwa ya Muhoroni na Chemelil. Kaskazini imesimama milima ya Tinderet. Katikati ya vyote hivyo kuna mahindi, kahawa, ng'ombe, na mabonde madogo yenye maji na matete.

Mahali kama hapo ni mpaka wa watu na pia ni mpaka wa ndege. Sokoni utasikia Kikipsigis, Kinandi, Kijaluo na Kikisii kabla hujamaliza kununua nyanya. Angani nako, ndege wa nyanda za baridi hukutana na ndege wa nchi ya joto.

Wenye kusoma historia ya mwanadamu wanalijua jina la Fort Ternan kwa sababu nyingine. Mkulima mmoja aliyeitwa Fred Wicker aliona katika shamba lake mifupa iliyogeuka mawe. Habari ikamfikia Dakta Louis Leakey, na watu wake, akiwamo Heslon Mukiri, wakaanza kuchimba. Mwaka 1961 likapatikana taya la kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi kama miaka milioni 14 iliyopita. Mwaka uliofuata Leakey akamwita Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya nchi yetu na ya mwenye shamba.

Wasichokijua wengi ni kwamba Leakey huyo, alipokuwa mtoto huko Kabete, hakuanza na mifupa. Alianza na ndege. Aliyemwongoza ni Arthur Loveridge, mtunzaji wa jumba la makumbusho la Nairobi wakati huo. Basi mtu aliyeifanya Fort Ternan ijulikane duniani kwa kutazama chini alikuwa amejifunza kwanza kutazama juu.

DARUBINI MOJA, MACHO MENGI

Mimi si mzaliwa wa huko. Dada yangu ndiye aliyeolewa huko, na kwa sababu hiyo kila mtu aniitaye huniita shemeji. Asubuhi moja ya Jumamosi, umande ukiwa bado haujakauka, shemeji yao huyu alichukuliwa kwenda kuangalia ndege.

Tulikuwa watu watano. Alikuwapo mwalimu mstaafu, ndiye mwenye darubini. Alikuwapo mama mmoja aliyefanya kazi ya kuchuma majani chai kwa miaka mingi huko juu, na kijana wa bodaboda aliyeacha pikipiki yake kwa jirani. Wa nne alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa Nandi, aliyevaa koti zito kana kwamba tunakwenda kulala nje. Wa tano mimi, na viatu visivyofaa.

"Chamgei," alisema mzee.

"Chamgei, mzee," nilijibu, na hapo Kinandi changu kikawa kimekwisha.

Hawana ofisi, hawana mhuri, hawana mwenyekiti wa kulipwa. Wana daftari moja la shule la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa uzi. Mwalimu hutazama kwa darubini, kisha humpa mama, mama humpa kijana, na hivyo hivyo mpaka imzunguke kila mmoja. Ndege akiruka kabla zamu yako haijafika, huna wa kumlaumu. Mzee hakuitaka darubini hata mara moja. Alikuwa akisimama, akiinamisha kichwa, halafu akituambia yuko wapi na ni nani. Mara nyingi tulimkuta pale pale alipotuambia.

Kwa saa mbili tuliandika. Kwarara wawili walipita juu yetu wakipiga kelele zao zile ambazo ndizo jina lao. Yangeyange walikuwa nyuma ya ng'ombe, wakiokota panzi. Shore alikuwa juu ya mti wa kahawa, pasa wakining'inia katika mapera, na chozi akinyonya maua ya ndizi. Mbali bondeni tukaona vichwa viwili vyenye taji la dhahabu vikienda polepole kati ya nyasi. Hapo hata kijana wa bodaboda, ambaye alikuwa hanyamazi, alinyamaza.

NDEGE MMOJA, MAJINA MENGI

Ndege hao walikuwa korongo taji. Mwalimu aliandika jina la Kiswahili, akaongeza la Kilatini pembeni kama alivyozoea darasani. Lakini kabla hajafunga kalamu, mabishano yalianza.

"Huyo ni kong'ony," alisema mzee. "Watu wa ukoo wa Moi, huyu ni mnyama wao. Mtu wa Moi hamdhuru kong'ony, kama vile mtu wa Talai asivyomchezea simba."

"Kwetu ni owang' winyo," alisema kijana, ambaye mama yake ni Mjaluo wa karibu na Muhoroni.

Nikakumbuka kwamba Waganda humwita ng'aali, na kwamba huko nako uko ukoo mzima wenye jina lake. Tena nchi ya Uganda imemweka katikati ya bendera yake. Basi mwalimu akaandika majina yote. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo kanuni ya kwanza katika daftari lao: jina la mwenzako halifutwi. Mtu akiambiwa kwamba jina alilofundishwa na bibi yake si jina, ataona kwamba ndege nao si wake, na Jumamosi ijayo hatakuja.

Nilipouliza kanuni nyingine, alizihesabu kwa vidole. Ya pili: andika ulichokiona, usiandike ulichotaraji kukiona. Ya tatu: mtu akisema ameona ndege wa ajabu, asichekwe. Aulizwe mambo matatu tu: alikuwa mkubwa kama ndege gani unayemjua, alikuwa wapi, na alikuwa akifanya nini. Majibu hayo yakishapatikana, mara nyingi ukweli hujitokeza bila mtu kuaibishwa.

Mama mchuma chai akatabasamu aliposikia hivyo. Yeye alichekwa mwanzoni. Alikuwa amesema kwamba huko juu kwenye mashamba ya chai huwezi kupata ndege wengi ndani ya chai yenyewe, ila ukifika pale kwenye vipande vya msitu vilivyoachwa kando ya mito, utapata nyimbo mpaka uchoke. Mtu mmoja alimjibu kwamba mchuma chai anajua majani, hajui ndege. Mama akakaa miezi miwili bila kuja. Waliporudi kumwomba radhi na kwenda naye kandokando ya mto, walijaza kurasa tatu. Kumbe aliyetembea katikati ya chai kila siku kwa miaka mingi ndiye aliyejua mahali ambapo chai huishia na ndege huanzia.

DAFTARI LINAKWENDA WAPI?

Pengine msomaji atauliza: baada ya kuandika, kisha nini? Je, hii si starehe ya watu wasio na shamba la kupalilia?

Desturi ya kuandika ndege katika nchi hii ina umri mkubwa. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1909, na jumba la makumbusho la Nairobi lilitokana na kazi ya chama hicho. Kwa miaka mingi mambo hayo yalionekana kuwa ya wageni na maofisa. Mwaka 1968 vilianzishwa vyama vya wanyama pori katika shule za Kenya, na watoto wetu wakaanza kuingia. Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno akaanza matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi mjini Nairobi, na matembezi hayo yalidumu kupita miaka 50. Wengi wa wataalamu wa ndege tulio nao leo walipita hapo, wakiwa vijana wasio na darubini.

Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha kitabu kikubwa cha ramani kinachoonyesha kila aina ya ndege wa Kenya huonekana wapi. Katika kitabu hicho nchi iligawanywa katika viraba vikubwa, kila kimoja kikiwa na kilomita 50 na ushei kila upande. Siku hizi iko kazi mpya iitwayo Kenya Bird Map, ambayo viraba vyake ni vidogo, kama kilomita 9 kwa 9. Mtu yeyote, awe profesa au mchunga ng'ombe, anaweza kutembea katika kiraba kimoja kwa muda usiopungua saa mbili, akaandika kila ndege kwa mpangilio aliomwona, akapeleka orodha yake. Ukilinganisha ramani ya zamani na ya sasa, unaona ni ndege gani amepungua, nani amehama, na nani amekuja.

Na hapo ndipo daftari la kurasa 96 linapopata thamani. Korongo taji alikuwa ndege wa kawaida kabisa katika mabonde yetu. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zinajulikana. Vinamasi vinakaushwa kwa kilimo au kupandwa mikaratusi inayonyonya maji. Sumu hutiwa mashambani. Nyaya za umeme huwaua. Na watu huiba mayai na makinda ili wayauze. Korongo hawa hukaa mke na mume wao kwa miaka mingi, hujenga kiota katika matete, na hutaga mayai mawili au matatu tu, ambayo huatamiwa kwa karibu mwezi mzima. Ukiiba mara moja, umemaliza kazi yao ya mwaka.

Wala tusidhani kwamba kuandika hakuleti matokeo. Miaka ya 2009 na 2010, huko Bunyala katika nchi ya Busia, Bwana Martin Odino alikaa karibu na mashamba ya mpunga akiandika jinsi ndege walivyouawa kwa sumu ya Furadan ili nyama yao iuzwe. Konokono walitiwa sumu, na korongo hai waliokamatwa walifungwa shambani wawe chambo cha kuwaita wenzao. Aliandika siku, idadi na mahali. Kabla ya hapo ulikuwa uvumi, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema hakujua.

KOSA LANGU

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Miezi kadhaa baada ya matembezi yale, nilirudi kumsalimu dada. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri. Kitoto mmoja mchunga ng'ombe, ambaye kundi lilikuwa limemfundisha kuandika ndege, alinishika mkono akanipeleka hadi ukingoni mwa bonde. Tukalala kifudifudi kwenye nyasi. Mbele yetu, kama mwendo wa dakika moja, korongo taji alikuwa amekaa juu ya rundo la matete yaliyokanyagwa, na mwenzake amesimama akilinda. Mtoto akaninong'oneza kwamba mayai ni matatu.

Sikuweza kuzuia furaha yangu. Jioni ile nilikaa katika hoteli ya chai karibu na kituo, na mtu akaniuliza, "Shemeji, leo umeona nini?" Nikasema. Sikusema tu kwamba nimeona kiota. Nilieleza bonde lipi, unapitia kwa nani, na unageukia mti gani. Nilikuwa nikisimulia kama mtu aliyegundua mlima. Watu walisikiliza, wakacheka kwa furaha, na mimi nikaagiza chai nyingine.

Siku ya nne mtoto yule alikuja nyumbani kwa dada. Hakulia. Alisema tu, "Mjomba, hakuna kitu." Tulikwenda. Matete yalikuwa yamekanyagwa na viatu vya watu wazima. Korongo wawili walikuwa bado wako upande wa pili wa maji, wanatembea huku na huku, wanasimama, wanatembea tena. Hawakuruka hata tulipokaribia.

Sijui ni nani aliyechukua mayai yale, na sitamsingizia mtu. Nilijua tu njia ilitoka kinywani mwa nani.

Kundi lilipokutana Jumamosi nilisema yote. Nilitaraji kukemewa. Mwalimu alikaa kimya, kisha akamgeukia mzee, kwa kuwa jambo hili lilikuwa zito kuliko darasa. Mzee alisema, "Shemeji, zamani mtoto wa ukoo wa Moi akiona kiota cha kong'ony, alimwambia baba yake peke yake. Baba hakumwambia mtu. Hawakuwa na kitabu. Walikuwa na haya."

Hakuna aliyeongeza neno. Mwalimu alifungua daftari akaandika kanuni ya nne, ambayo nadhani ndiyo kubwa kuliko zote: habari ya ndege ni ya wote, habari ya kiota si ya wote. Mwenye kuona kiota ataandika siku, aina na idadi. Mahali patajulikana na mtu mmoja tu anayeaminiwa na wote, na jina la bonde halitatajwa hotelini, sokoni, wala kwenye simu.

Nimeitaja simu kwa makusudi. Zamani neno la hotelini lilikwenda kwa miguu, likafika jioni. Siku hizi mtu hupiga picha ya kiota, na kabla hajatoka kwenye matope picha imefika Eldoret, Nairobi na ng'ambo ya bahari, ikiwa na mahali pake kamili. Vikundi vya waangalia ndege vimekuwa vingi, na ni jambo jema. Lakini anayeliongoza kundi lolote, liwe la kutembea au la kupelekeana habari, ajue kwamba kazi yake kubwa ni kupima lipi lisemwe na lipi lifichwe. Akiwa mkali mno, watu watanyamaza na daftari litakauka. Akiwa mlegevu mno, matete yatakanyagwa.

MAJI YA BONDENI

Mwalimu ana hoja nyingine, ambayo huirudia kila tunapoketi kupumzika. Maji ya mabonde yale huingia katika mito inayoteremka hadi Nyando, na Nyando hupita katika uwanda wa Kano kabla ya kumwagika ziwani. Kinamasi cha huku juu ni kama sifongo: hunywa mvua kubwa, halafu huitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukikikausha, mvua yote hushuka siku moja, na wa kwanza kuipokea ni watu wa Ahero walio chini. Korongo akihama bonde, kwa hiyo, hajaondoka na mayai yake tu. Ametuambia kwamba bonde lenyewe linakufa.

Ndiyo sababu wenzetu hawa hawataki kuwafukuza wakulima bondeni. Wengi wao ni wakulima. Wanachofanya ni kwenda kwa jirani mmoja mmoja, wakiwa na daftari, wakamwonyesha kwamba katika shamba lake wameandika aina kadhaa za ndege, na wakamwomba aache ukanda wa matete kando ya maji, asipande mikaratusi hapo. Wengine hukubali, wengine hukataa. Mmoja alikataa mwaka mzima, mpaka mtoto wake mwenyewe alipoanza kwenda kwenye matembezi na kurudi nyumbani na majina.

Msomaji unayetaka kuanza, usingoje darubini. Anza uani kwako. Kaa saa moja asubuhi, andika kila ndege unayemwona, kwa jina lolote ulilonalo, hata likiwa la bibi yako. Fanya hivyo Jumamosi nne. Halafu mtafute jirani mmoja, mlinganishe. Mkiwa wawili mmekwisha kuwa kundi.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Fort Ternan. Nilitembea peke yangu alfajiri, nikarudi viatu vimelowa. Mzee alikuwa ameketi nje, koti lake zito mabegani.

"Umeona nini, shemeji?"

"Kong'ony, mzee."

"Wangapi?"

"Wawili wakubwa, na mdogo mmoja."

Alikaa kidogo. "Wapi?"

"Bondeni," nilisema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaita ndani niletewe chai.